Herufi Tatu Zisizojua Kugeuka

Nilijua kusoma kinyumenyume kabla sijajua kusoma sawasawa. Baba ni mchonga mihuri, na muhuri huchongwa kinyume ili ukigongwa usomeke. Hadi leo ukimpa karatasi yoyote, kwanza huigeuza, akaielekeza dirishani, akaisoma kwa nyuma. Mama husema hata cheti cha ndoa alikisoma hivyo, ndiyo maana hakuona makosa.

Dukani aliniita Wino, kwa kuwa vidole vyangu havikutakata kamwe. Kisha nikapata mwaliko wa kwenda ng'ambo, miezi sita katika karakana ya wachapaji wa picha, nichonge nitakacho. Akaacha kuniita.

"Ati msanii," alisema. "Ati amealikwa."

Tangu siku hiyo sina jina kinywani mwake. Mama akinipigia simu Jumapili, namsikia baba nyuma yake: "Ati anakula?" Mkaidi yule! Nami sikuomba kuongea naye, maana maji hufuata mkondo.

Katika ile karakana karatasi mbichi zilianikwa kwenye kamba, ukuta hadi ukuta, na upepo ukiingia zote zilipumua pamoja. Nilipita chini yake asubuhi nisijue kama nimeshaamka. Mwenyeji wangu, mchapaji mwanamke mwenye kicheko kipana, alinipokea kila siku kwa chai na neno moja la kwao. Nami nilimpa moja la kwetu. Lake aliliandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa muda mrefu nilipenda tu kutazama kalamu ikirudi nyumbani.

Siku moja akaniuliza, kwa mikono na vipande vya lugha tulivyookota njiani, ni neno gani ninalolikosa. Nikamwambia: ita. Nikamweleza kwamba ni pale mtu anayekujua anapofungua kinywa na jina lako linatoka. Akafumba macho akalirudia polepole.

Nilikaa siku nzima nikilichonga kwenye ubao, herufi kubwa tatu, ITA. Nikachapa nakala mbili kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Moja nikaitia kwenye bahasha, bila barua, juu yake jina la baba. Mwenyeji alikuwa anakwenda posta, akaondoka nayo. Nilijisikia mwepesi.

Siku ya tatu alinitundikia nakala ya pili ukutani. Nilikuwa na kikombe mkononi. Ukutani paliandikwa ATI.

Mimi, mtoto wa mchonga mihuri, nilisahau kugeuza! Na zile herufi ndizo zilizonihadaa, maana I, T na A hazina kulia wala kushoto. Hakuna hata moja iliyosimama vibaya ikanishtua. Macho yangu nayo yamezoea kusoma pande zote mbili. Nimemtumia baba dharau yake mwenyewe, tena kwa herufi kubwa. Nililia kwa aibu.

Mwenyeji hakuelewa. Aliweka kidole kwenye karatasi, akaanzia kulia kama wanavyosoma kwao. "I-ta," alisema, akinishangaa. "Nzuri."

"Baba hasomi kutoka kulia," nikamjibu.

Wiki mbili nilichonga mawimbi na madirisha, chochote kisicho na herufi. Karatasi zilipumua juu yangu. Jumapili ya kwanza mama hakupiga simu. Ya pili pia hakupiga, nikajua ile bahasha imefika na imeniharibia.

Jumatatu mchana simu ikalia. Namba ya duka.

Nilisikia patasi ikiwekwa mezani.

"Nimepata barua yako," baba akasema.

"Baba, nisamehe, nilikosea ku..."

"Kukosea nini? Nimeigeuza dirishani kama kawaida yangu, nimesoma. Sema karatasi yenu hiyo ni nyepesi mno."

Nikashikilia ukingo wa meza.

"Upande wa mbele je, umeuangalia?"

"Nimeuangalia baadaye." Akakohoa. "Ule wa mbele ni mimi. Nimeujua."

Mwenyeji aliacha kupaka rangi akanitazama.

"Uko hapo?" baba akauliza. "Wino?"