Nyuzi Kumi na Sita

Kitasa kilikuwa baridi kama mtungi uliolala nje. Kabla sijafungua nilijua mama yumo.

"Hodi," nilisema, kama tulivyofundishwa hotelini kuwaambia wageni wote.

"Pita, Asya. Funga mlango upesi, baridi inatoka."

Alikuwa amejilaza chini ya blanketi zito, pua tu nje, na kiyoyozi kikivuma juu ya kichwa chake. Nje ya dirisha Chake Chake nzima ilikuwa ikiungua kwa jua. Mle ndani rimoti ilionyesha nyuzi kumi na sita. Nilikuja kutandika kitanda, lakini chini ya kanga nilikuwa nimeficha kichupa cha mafuta ya makonyo ya karafuu, alichonipa bibi asubuhi.

Mama alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani nilipokuwa darasa la nne. Bibi, mama yake, miguu ilikuwa ishaanza kumkataa, na hapakuwa na mwengine wa kumtekea maji, basi mwaka uliofuata sikurudi skuli. Nilikua nikimsikia mama kwenye simu. Kila alipokaribia kukata alisema, "Siku n'takayokuja, tutalala kitanda kimoja miye na weye, tuzungumze mpaka usingizi utushinde." Neno hilo nililitunza kama watu wanavyotunza nguo ya sikukuu.

Alipokuja, tulimtandikia kitanda kikubwa cha bibi, kwetu Shumba. Bibi alisuka mkeka mpya wa ukindu, na mimi nilichuma asumini nikazimwaga juu ya mito. Mama alikula, akasali adhuhuri, akaingia chumbani. Bati lilikuwa likitatarika juu ya kichwa chake. Asumini hazijawahi hata kunyauka akatoka, buibui mkononi, jasho likimtiririka shingoni.

"Nisameheni," alisema. "Joto hili siliwezi tena. N'tachukua chumba huko hotelini unakofanya kazi, mwanangu. Si tutaonana kila siku?"

Bibi hakumlaumu. Alimsindikiza kwa macho mpaka gari ikapotea, ndipo akasema, "Baridi ya mashine imemwingia mifupani. Mwili ukishaganda, joto huliona adui. Mwanamke akijifungua si tunamkanda kwa moto akarudi mwilini mwake? Basi na huyu akandwe. Atarudi."

Nilimwamini. Sikuwa na jengine la kuamini.

Bwana Zahran, msimamizi wetu, alikuwa na kanuni moja tu: mgeni hafundishwi hali ya hewa, akitaka barafu apewe barafu. Khairat, tuliyekuwa tukisafisha naye, alicheka kila alipopita mlango ule.

"Mgeni wako kageuza chumba friza, Asya. Akikawia humo, mpishi atamchanganya na pweza."

Nami nilicheka. Sikuwa nimemwambia mtu kuwa yule mgeni ni mama yangu. Ningeeleza vipi, na nyumba ipo, na kitanda kipo?

Siku ile, basi, nilisimama na kichupa changu mkononi.

"Bibi kakuletea mafuta. Nikukande?"

Mama alitabasamu. "Mama naye na mafuta yake. Haya, njoo."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikaipakata miguu yake. Ilikuwa laini. Mimi nilikumbuka miguu yenye nyufa, iliyokwaruza miguu yangu tulipolala pamoja. Mafuta yalikuwa mazito kwa baridi, hayakutoa hata harufu. Nilisugua, nikasugua, na miguu ikabaki baridi kama samaki.

Mara umeme ukakatika. Kiyoyozi kilikohoa, kikanyamaza, na ndipo tukasikia mji: kunguru juu ya paa, honda zikipanda kilima, watoto wa chuoni wakisoma Kurani kwa sauti moja. Joto likaingia taratibu, kama mtu wa nyumbani asiyepiga hodi. Harufu ya karafuu ikafunguka chumba kizima. Mama akalisukuma blanketi. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo, na mikononi mwangu miguu yake ikaanza kupata moto. Nikasema moyoni, bibi kasema kweli.

"Mama," nikasema. "Leo twende tukalale nyumbani."

Mama aliinua uso. Alikuwa akiitazama ile mashine iliyonyamaza.

"Si joto tu, mwanangu," alisema. "Kule Maskati nalala chumba kimoja na mtoto wa mabwana zangu, Widad. Nimemlea tangu kitovu hakijaanguka. Hawezi kulala bila baridi, na hawezi kulala bila miye. Hujikunja hapa." Akajigusa ubavuni. "Na mashine inavuma. Nisipousikia ule mvumo usingizi hauji. Naona kama nimemwacha peke yake."

Mikono yangu iliendelea kukanda. Haikujua kazi nyengine.

"Mkubwa sasa?" nikauliza.

"Mkubwa. Mwakani anaingia darasa la nne."

Umeme ulirudi. Mashine ikalia mara moja, ikaanza kuvuma, na mama akafumba macho. Upepo haujawahi kuwa baridi alikuwa amekwisha lala kwa ubavu, mkono mmoja ameutandaza mbele yake, na kati ya mkono na kifua ameacha nafasi ya upana wa mtoto.

Niliipangusa miguu yake mafuta, nikaifunika. Nikaitazama ile nafasi. Kisha nikachukua rimoti. Mashine ilikuwa imejirudisha yenyewe kwenye ishirini na nne. Nikaishusha polepole mpaka kumi na sita, nikatoka, nikafunga mlango upesi.

Jioni bibi aliniuliza kama miguu ya mwanawe ilipata moto.

"Ilipata," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," akasema. Akainuka kwa kushika ukuta, akaenda chumbani kukung'uta ule mkeka mpya.