Ngariba Alisita

Kwa miaka ishirini na mitatu niliamini ngariba alisita kwa sababu nilitetemeka. Agosti ile nilisimama uani kwetu Chwele, nimepakwa matope ya tohara, baba nyuma yangu. Ngariba aliinama, akatazama, kisu kikabaki hewani. Kisha akakata. Tangu siku hiyo nimejiona mwoga. Kukojoa nachuchumaa, maana tundu langu liko chini, si kwenye ncha, na nikisimama mkojo hulowesha suruali. Wanawake niliwakimbia kabla hawajanikimbia.

Mwaka huu Dinah alikubali nimwoe, nikajikokota hadi hospitalini Kitale. Daktari Wangechi, mama wa maneno machache, alinipima akauliza:

"Makokha, ni nani alikutahiri?"

"Ngariba wa kwetu."

"Na hakuona? Hiyo ngozi alikata ndiyo ningetumia kukutengenezea njia. Sasa itabidi nitoe nyingine ndani ya shavu."

Hakuona! Aliona, bana. Nikakumbuka macho yake: hayakunitazama mimi, yalipita juu ya bega langu, yakamwuliza baba.

Nilimpigia mama simu Bungoma. Hakunizungusha.

"Babako alijua. Sista wa zahanati alimwambia usikatwe, upelekwe kwa daktari kwanza. Akasema ati watu watatucheka."

Baba ana miaka tisa kaburini, lakini tangu simu ile hakuniacha. Nilimhisi mgongoni nikioga, nikila. Nilipoingia chumba cha upasuaji nilisikia pumzi yake sikioni. Nilimchukia. Mfu hajibu, na mimi nilitaka jibu.

Wiki tatu nilikaa na mpira wa mkojo, shavu limevimba, chakula changu uji. Siku ya kuutoa, nesi Wacera alinionyesha choo.

"Jaribu. Ikivuja pembeni, tunarudi tu kushona."

Nilisimama, sikuchuchumaa. Baba alikuwa nyuma yangu. Nilijua bila kugeuka. Likatoka tone, likachoma kama pilipili. Kisha mkojo ukaja, mwembamba, ukaenda mbele moja kwa moja bila kuvuja pembeni.

Hasira yote ikanitoroka. Nikageuka upesi, mwanaume mzima wa miaka thelathini na sita.

"Baba, ona!"

Hapakuwa na mtu. Siku ya mazishi sikumlilia. Nilimlilia hapo, suruali ikiwa magotini.