Ofisi Haikupokea Taarifa

...haikupokea taarifa yoyote, ndivyo alivyosema Mkurugenzi, ofisi yangu haikupokea taarifa yoyote kutoka kwa mama mlezi kuhusu hali ya umeme bwenini, kaisema polepole ili nimfuate, kama anavyonisomea barua zake, na vidole vyangu vimeandika neno moja tu, ofisi, vikagoma hapo, kishale kinapepesa mbele yake, ofisi, ofisi gani basi, ofisi ya Mkurugenzi ina viti viwili, chake ndani na changu mlangoni, na simu iko juu ya meza yangu, kwa hiyo akisema ofisi haikupokea anasema mimi sikupokea, na Mama Mwenyekiti wa bodi amevua miwani, ameniambia kwa ile sauti yake ya ualimu, "Katibu, sentensi hiyo iandike kama alivyoisema. Wakili akimaliza simu yake utatusomea, tuipitishe, tusonge mbele," nami nikajibu sawa mama, sawa, mwaka wa kumi na moja huu nasema sawa, na sasa wote wanamsubiri wakili, yuko nje ya mlango wa kioo anakwenda na kurudi na simu sikioni, mkono mmoja kiunoni, laiti simu hiyo isingeisha leo, kioo kimebandikwa karatasi nyeupe katikati, juu yake naona kichwa cha wakili na chini yake naona viatu, vyeusi vya wakili vinavyotembea, na mbele ya benchi viatu viwili vya raba vilivyotulia, vya mama mlezi, kamba hazijafungwa, atazifungaje, mikono yote miwili iko ndani ya bendeji mpaka kwenye viwiko, nilimkuta hapo asubuhi kabla hata mfagiaji hajamaliza korido, akaniambia, "Mwanangu, goti la mama yako linaendeleaje?" nami nikasema linaendelea vizuri, shikamoo, hivyo hivyo nimeanza na goti nikamalizia na shikamoo, nikapita na mafaili kifuani, sikumuuliza habari ya mikono wala sikuinama kumfunga kamba, na zilikuwa kamba tu, kazi ya nusu dakika...

"Nyongeza ya chai?" anauliza mweka hazina wa bodi, yule mzee wa suti ya kahawia, hapana mzee, ahsante, na Mkurugenzi ananitazama kwa jicho la pembeni, anataka kuona kama vidole vinatembea, kwa hiyo navitembeza hewani juu ya kibodi, namjua mtu huyu kuliko mkewe anavyomjua, najua dawa yake ya presha anaimeza saa ngapi na najua uongo wake wa adabu, ule wa yuko kikaoni, ule wa barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi, najua kwa sababu naandika mimi, nimeomba radhi kwa niaba yake mara nyingi hata sijui kama anajua kuomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe, lakini huu si wa adabu, huu una mtu mwishoni, kwa sababu akishasema ofisi haikupokea, kinachofuata kwenye ajenda ni mama mlezi kuachishwa kazi kwa uzembe, miaka kumi na tisa ya kulea wasichana wasioona, kuwafundisha kuhesabu hatua kutoka kitandani mpaka mlangoni, na ripoti inasema chanzo cha moto ni pasi yake, pasi binafsi iliyoachwa kwenye umeme, ripoti nimeipiga chapa mimi, neno pasi nimeliandika mara saba, na kila mara nilikuwa nasikia harufu ya plastiki inayoungua, harufu ambayo sijawahi kuinusa, niliisikia kwenye simu tu, mama mlezi ndiye aliyenieleza...

simu ya kwanza ilikuwa Jumatatu, saa mbili na dakika kumi, hupiga saa hizo wasichana wakishaingia darasani, huongea kwa sauti ya juu kama vile mimi niko ng'ambo ya mto, "Mwanangu, soketi ya karibu na mlango inatoa cheche, inanuka plastiki, nisemee kwa Mkurugenzi alete fundi," nikaandika kwenye daftari la ujumbe, nikaingia ndani nikamwambia, akasema sawa, nikumbushe, na wiki hiyo wageni wa wafadhili walikuwa wanakuja, kila kitu kilikuwa wageni, tulikuwa tunapaka rangi geti, simu ya pili Alhamisi, mama mlezi amezima umeme upande mmoja wa bweni lakini ukuta bado una joto, "Ukiuwekea kiganja unasikia," akasema, "hawa watoto wanaona kwa viganja, wameniambia wao kabla sijajua mimi," nikaingia tena ndani, Mkurugenzi alikuwa anasahihisha hotuba, hakuinua kichwa, "Tafadhali," akasema, "mpaka wageni waondoke usiniletee tena habari za yule mama, anapenda kulalamika," na alisema tafadhali, huyu bwana hasahau tafadhali, na mimi nikarudi kitini kwangu na uso umenichoma kama mtoto aliyefukuzwa sebuleni, nikasema moyoni, basi, kama hataki asiletewe...

na simu ya tatu. Simu ya tatu, Jumatano iliyofuata, nilipoona namba yake niliiacha iite mara nne. "Mwanangu, umemfikishia?" "Nimemfikishia, mama." "Anasemaje?" "Anasema fundi anakuja." Nilisema hivyo, mdomo huu, fundi anakuja, kwa sauti laini kabisa, sauti ya ofisi, akanishukuru, akanibariki na mama yangu na goti lake, na nikaweka alama ya vyema kwenye daftari, amefahamishwa, kama zile mbili za kwanza, mkwaruzo mdogo wa kalamu ya bluu, na sikuingia ndani, hatua sita kutoka kwangu mpaka kwake na sikuzipiga... Jumamosi saa sita mchana bweni likawaka, wengine wote walikuwa uwanjani, ndani walikuwa wawili wenye homa, wamelala, na mama mlezi akaingia, watu wanasema alikuwa anaita majina yao akiwaambia wahesabu hatua, hesabuni, kumi na nne, kumi na tano, akatoka na mmoja akamrudia wa pili, fremu ya kitanda ilikuwa chuma na chuma kilishapata moto, aliishika hivyo hivyo... wasichana wako wazima. Nimejisemea hilo kila siku kwa wiki tatu, wasichana wako wazima, kana kwamba mwenye mikono ile hayumo kwenye hesabu.

Wakili amegeuka, ameinua kidole kimoja kupitia kioo, dakika moja, Mama Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa, anafuta miwani kwa ncha ya kitambaa chake, na daftari liko kwenye mkoba miguuni kwangu, nalisikia kwenye kifundo cha mguu kama mnyama aliyelala, kwa sababu jana jioni wakati nafunga kompyuta Mkurugenzi alisimama mlangoni na koti mkononi, "Lile daftari lako la simu limejaa sasa, si ndiyo? Anza jipya. La zamani nipe nikalihifadhi," nikamwambia nimelisahau nyumbani, uongo wangu wa kwanza kwake, ulitoka mwepesi mpaka nikashangaa, akatabasamu, "Basi kesho," na leo asubuhi hakuliulizia, ameniuliza tu, "Tuko pamoja?" nikasema tuko pamoja, na sikusema kwa woga peke yake, lazima niwe mkweli angalau humu kichwani, huyu ndiye aliyenipa kazi wakati kila mtu alisema nina mtoto mchanga nitakuwa naomba ruhusa kila siku, ndiye aliyekuja kumzika baba, akasimama juani na viatu vyake vya ofisini mpaka mwisho, ndiye aliyeianzisha shule hii na chumba kimoja cha kuazima, anawajua wale wasichana kwa majina na kwa vicheko, simchukii, ningemchukia ingekuwa kazi rahisi, anaogopa tu, namwona, ameshika kikombe kitupu, anaogopa wafadhili wakijua wataondoka na shule itafungwa na wasichana watarudishwa kukaa kwenye kona za nyumba za watu, na labda ni kweli, labda, ndiyo maana amejishawishi kwamba mama mmoja akitolewa shirika litapona...

na mama yangu, jana, alipokuwa ananyoosha goti kwenye kigoda, nikamuuliza bila kumwambia kisa, mama, ulipokuwa opareta wa simu, ulikuwa unasikia mengi, ulifanyaje, akacheka, "Nilikuwa nasikia ndoa zinavunjika na vyeo vinagawiwa, sikumwambia mtu. Lakini mtu akipiga namba, namba hiyo nilimpa. Mkubwa kwa mdogo. Kukata laini ya mtu sikukata hata siku moja, hata wa kuudhi," halafu akaniomba nimpe chumvi ya kukandia, na mimi nikabaki nimesimama na kopo la chumvi, mimi niliyekata laini, nikafikiri sawa, basi nitatoa daftari, nitaliweka mezani mbele ya Mama Mwenyekiti, lina tarehe, lina saa, lina alama tatu za vyema, mara tatu amefahamishwa, na mimi nitakuwa safi, usiku kucha wazo hilo lilinituliza, nililikumbatia kama mto, alama tatu, hakuna atakayeuliza zaidi, Mkurugenzi mwenyewe hatakumbuka kama niliingia mara mbili au tatu, atabishana na nini, karatasi inasema tatu...

lakini karatasi inasema uongo, na ninaona sasa, hapa, na neno ofisi linanisubiri, kwamba yeye ana sentensi yake na mimi nina alama yangu, na zote mbili ni kazi ya namna moja, yeye anamsukumia mama mlezi taarifa mbili zake na mimi ninataka kumsukumia yeye moja yangu, na mwisho wa foleni hiyo ya kusukumana kuna mwanamke ambaye hawezi kufunga kamba za viatu, ambaye kama angejua Jumatano ile kwamba hakuna fundi, angehamisha vitanda, namjua, angewalaza wasichana chapelini au darasani, angelala mlangoni mwenyewe, lakini aliambiwa fundi anakuja, aliamini, akasubiri siku tatu kwa sababu ya sauti yangu laini... mbili zake na moja yangu. Mbili na moja. Ajabu, nilidhani kweli ikifika itakuja na kishindo, imekuja kama mtu anayekaa kitini pembeni yangu.

Na vidole vinatembea, sio hewani, vinagusa, ofisi ya Mkurugenzi ilipokea taarifa tatu za mama mlezi kuhusu soketi ya bwenini, mbili msaidizi alimfikishia Mkurugenzi kwa mdomo, Jumatatu na Alhamisi, ya tatu msaidizi hakuifikisha, akamwambia mama mlezi kwamba fundi anakuja, na haikuwa kweli, nukta, msaidizi ni mimi, nukta, naisoma tena, haina hata kosa la herufi, nahariri neno moja, naondoa "msaidizi" naweka "mimi" kila mahali, alimfikishia inakuwa nilimfikishia, hakuifikisha inakuwa sikuifikisha, na msaidizi ni mimi naifuta, kumbukumbu za kikao haziandikwi hivyo, najua, nimezifundisha ofisi tatu namna ya kuziandika, na Mkurugenzi anainama kidogo kuelekea kwangu, harufu ya sabuni yake ileile ya miaka yote, ananong'ona, "Umeshaiandika?" nami nasema, "Nimeiandika, Mkurugenzi," na anaitikia kwa kichwa, anarudi kuegemea kiti, haangalii skrini, ananiamini, na wakili bado anakwenda na kurudi nyuma ya kioo, na Mama Mwenyekiti bado anafuta miwani yake, navuta glasi ya maji, nakunywa yote, nasogeza kiti karibu na meza, kwa sababu nitasoma kwa sauti na ninataka hata aliyeko kwenye benchi nje anisikie.