Isale la Mwenyekiti

Bernadetha alifariki Jumanne, tarehe 14 Julai 1998, saa nne asubuhi, hospitalini mjini. Nilirudi Kibosho na kanga zake ndani ya mfuko. Mezani nilikuta vipande vya jani la mgomba alivyokuwa amekata mwenyewe, vimeanza kujikunja.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa fizikia. Septemba, Moshi ilikuwa ipokee wanafunzi wa nchi sita kwa mashindano ya sayansi, naye ndiye aliyepewa kazi ya kutunga swali la vitendo. Alilificha kwa kila mtu isipokuwa mimi, kwa sababu alihitaji mtu wa kusimama majini. Niliishia kidato cha nne, lakini saa naijua. Yeye aliangusha kipande cha jani kwenye mfereji nyuma ya nyumba; mimi nikasimama mita kumi chini yake. Sekunde kumi na moja.

"Rudia," akasema. Tulirudia mara ishirini, miguu ikafa ganzi, yeye anacheka. "Baba Yuditha, nchi sita zitapiga hesabu za miguu yako!"

Siku ya tatu ya matanga alikuja mwenyekiti wa kamati ya mashindano, Bwana Ndelilio, naye pia mwalimu. Alikula kwanza. Ndizi nyama sahani mbili, akanyonya mfupa hadi ukalia, akajifutia kitambaa cha meza. Kisha akatoa jani la isale ndani ya koti, akanikabidhi mbele ya wazee. Kwetu, anayekuletea isale anaomba msamaha, na ukilipokea umesamehe.

"La nini, mwalimu?"

"Pokea tu, shemeji. Binadamu tuna makosa."

Nilidhani ni kwa sababu hakuja kuzika. Nikalipokea. Ndipo akaomba swali.

"Jina lake litakuwepo?"

"Shemeji! Juu kabisa."

Nikafungua sanduku la marehemu nikampa daftari alimoliandika. Vidole vyake viliacha mafuta kwenye jalada.

Siku ya mashindano nilivaa suti yangu ya harusi. Mwalimu Jesse, rafiki wa marehemu, alinipa karatasi ya swali vijana walipomaliza. Jani la mgomba. Mita kumi. Sekunde kumi na moja. Juu kabisa paliandikwa: Mtunzi, Ndelilio.

Nilimkuta akipigwa picha na wageni.

"Bwana Ndelilio, wewe uliingia mfereji gani?"

Alinivuta pembeni huku akitabasamu, mate meupe yamemganda kwenye pembe za mdomo. "Tusiaibishane mbele ya wageni, shemeji. Si nilikuletea isale?"

Alikuwa ameomba msamaha kabla ya kuiba, tena akiwa ameshiba chakula cha msiba wetu. Nilitoka nje nikatema mate kwenye maua ya shule. Ladha haikutoka.

Nilipowaeleza wazee, walitazamana. Mzee Antoni akauliza, "Ulilipokea kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

Wakainuka mmoja mmoja, wakachukua fimbo zao.

Sasa ni mwaka 2004. Swali hilo limetolewa tena mara tatu, na jina ni lilelile. Jumapili, nikitoka misani, hukata jani la mgomba na kupima mfereji. Maji yamepungua. Jani huchukua sekunde kumi na tisa.