Mng'ao wa Kétsia

Wiki zile milio ya bunduki ilipokuwa ikisogea kilima baada ya kilima kuelekea Kitshanga, mji mdogo wa mashariki mwa Kongo, Kétsia hakuweza kutulia mahali pamoja. Alifungua duka lake la vipodozi, akalifunga, akalifungua tena. Mumewe Katembo alikuwa amepeleka lori la maharage Walikale, na tangu barabara ikatike simu yake haikupatikana. Ni wakati wa kunawa uso tu ndipo moyo wake ulipopungua kasi.

Zamani alijichubua kwa kremu alizouza mwenyewe, mpaka mashavu yakawa yanawasha kila alipotoka juani. Binamu yake Fifi, mwenye saluni Goma, ndiye aliyemtumia video za wanawake wa Korea. Wale hawatafuti weupe, Fifi alimwambia. Wanataka ngozi laini, iliyotulia, inayong'aa kana kwamba imelowana. Basi Kétsia akaacha kremu kali. Alitoa vumbi kwa mafuta mepesi, akanawa kwa sabuni isiyokwaruza, akajipangusa kwa maji ya mchele, akapaka serumu, maji mazito ya kulainisha ngozi ambayo Fifi alimtumia, na mwisho kremu ya kukinga jua, hata siku za mawingu. Kwa muda mrefu hakuona kitu, akakaribia kukata tamaa. Halafu madoa yakaanza kufifia, na uso wake mweusi ukarudi, ukiwa na nuru ambayo hakuwahi kuwa nayo hata usichanani.

Kremu za kujichubua akazitoa dukani. Hapo ndipo alipokosana na Mukandayisenga, mama aliyeuza maziwa sokoni, ambaye binti yake alikuwa karibu kuolewa.

"Unipatie ile ya zamani," Mukandayisenga alisema. "Siku ya ndoa nataka kupendeza."

"Ile siuzishe tena, mama. Itakuunguza."

"Na weye, mbona unangaa kama sahani?"

"Mi niliiacha njo nikapona. Ngoja nikuonyeshe ile natumiaka."

"Hapana. Unataka ungae peke yako." Akatoka, na maneno hayo akayarudia soko zima. Kremu akaipata kwingine. Tangu hapo walipokutana njiani kila mmoja aliangalia pembeni.

Asubuhi moja mabomu yakaanza kuanguka karibu na soko. Kétsia aliingiza kwenye mfuko kitenge, unga, na vichupa vyake vya uso. Hata yeye alijishangaa. Akaingia katika msururu wa watu waliokuwa wakipanda vilima kuelekea Masisi, godoro kichwani, mtoto mgongoni, ng'ombe mbele.

Kabla ya kufika kijiji cha Kingi wakakuta bariere: kamba iliyofungwa kwenye miti miwili, na watu wenye silaha ambao hakuna aliyethubutu kuwauliza ni wa nani. Waliwapitisha wakimbizi kwa haraka, mpaka mkubwa wao alipomtazama Kétsia.

"Weye, kaa kando."

Akakaa kando. Yule mwanaume akamkaribia, akautazama uso wake kama mtu anayekagua mali.

"Hawa wote wamechakaa. Weye unangaa. Uko muke ya ofisa gani?"

"Hakuna, shefu. Bwana yangu iko mufanyabiashara. Iko Walikale."

Wakamwaga mfuko wake chini. Mkubwa akaokota kichupa, akakigeuza kwenye mwanga.

"Haya maandishi ni ya nani?"

"Ya Korea, shefu. Ni dawa ya uso."

"Dawa ya uso," yule alirudia, na wenzake hawakucheka. "Ao ni ujumbe ya wale adui wa kule ngambo? Mumufunge."

Watu waliendelea kupita, macho chini, kila mmoja akishukuru kimoyomoyo kwamba si yeye. Mmoja wa wale wanaume alikuwa tayari amemshika Kétsia mkono, Kétsia aliposikia sauti nyuma yake.

"Shefu, huyo mama namujua."

Alikuwa Mukandayisenga. Alikuwa amejifunga khanga hadi kwenye macho, lakini sasa aliishusha. Mashavu yake yalikuwa yamechubuka, mekundu, yametoa maji kwa jua la safari.

"Iko na duka Kitshanga. Ni muntu ya roho mubaya," alisema. "Nilimuomba kremu ya kungarisha, akanikatalia mbele ya watu. Nikainunua pengine. Muone sasa. Na yeye anajipaka yake ya Wakorea, iko vile unamuona. Muke ya ofisa hawezi kukaa nyuma ya kontwari ya duka kugombana na mimi."

Mkubwa akamtazama yule, akamtazama huyu. Kicheko kikamtoka puani.

"Muende. Wote wawili."

Vichupa vikabaki kwa wale wanaume. Kétsia aliokota unga na kitenge, na tyubu ya kremu ya jua iliyokuwa imeviringika chini ya jani.

Walitembea mpaka bariere ikapotea nyuma ya kilima. Hapo Kétsia akasema, "Mama, asante."

"Nilisema ukweli," Mukandayisenga alijibu. "Bado nimekukasirikia."

"Uko na haki."

Kwenye kivuli cha migomba, Kingi, Kétsia alimwosha Mukandayisenga uso kwa maji baridi, taratibu, bila kusugua, na ulipokauka akampaka ile kremu juu ya ngozi iliyobaki nzima. Mukandayisenga alikunja uso, akavumilia.

"Nitapona lini?"

"Si mbio. Usirudie ile ingine, na usitoke juani bila kujifunika."

"Jua tutaikimbia wapi? Tuko wakimbizi."

Kétsia akamrudishia khanga kichwani. Kwa mbali mabomu yalinguruma tena, na wote wawili wakageuza vichwa upande wa Kitshanga.

Baada ya siku kadhaa mwendesha pikipiki aliyetoka Walikale kwa njia za msituni alileta habari: Katembo yu hai, amekwama Walikale na lori lake, anaomba mkewe asubiri. Kétsia alilia, kisha akaanza kufunga mzigo. Kusubiri alikuwa hawezi. Tyubu akamwachia Mukandayisenga, akapanda nyuma ya ile pikipiki iliyokuwa ikirudi Walikale, uso wazi kwa vumbi na upepo.