X Anamngoja Zéro

Ulimwona. Usiniambie ulikuwa na haraka. Alishuka ngazi za mtaa wa Cimpunda mchana kweupe, na sare yake nyeupe na bluu, ubao mdogo umening'inia shingoni kwa kamba ya nailoni, kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Ulikuwa umesimama kwa yule mama wa makala, muuza mkaa. Ukautazama ubao, ukaujua, maana hata wewe uliuvaa. Ukatabasamu kidogo, ukarudisha macho kwenye simu. Baba yako aliuvaa pia, enzi za mapadri, na babu yako kama alibahatika kukalia dawati. Tangu wakati huo tunazifundisha shingo za watoto kunyamaza, halafu tunashangaa kwamba hawaulizi.

Basi sikiliza ulichokipa mgongo.

Jina lake Nsimire. Kwao ni Idjwi, kisiwani, mama yake analima huko. Hapa mjini aliishi kwa baba yake mdogo, tonton Gracien, mwenye kazi ya ofisi kule Muhumba, pamoja na mke wake maman Georgette. Alikuwa finaliste, darasa la sita la sekondari. Mbele yake kulikuwa na mtihani wa Serikali tu, huu tunaouita exetat, ambao bila kuupita miaka yote ya nyuma inakuwa kama maji uliyomwaga njiani ukitoka kisimani.

Vita ilipoingia mjini shule zilifungwa, na tonton akampandisha boti arudi kwa mama yake mpaka mambo yatulie. Shule zikafunguliwa kabla boti hazijaanza kwenda sawasawa. Alipofika darasani aliwakuta wenzake wamekwisha vuka, wako ng'ambo ya pili, wanahesabu limite, zile hesabu za ukomo. Hakuna aliyegeuka kumtazama aliyebaki ufukoni. Nao walikuwa na hofu zao.

Profesa Hugues aliandika x, akachora mshale, akaandika zéro, akasema: « x tend vers zéro. » X anaelekea zéro. Lakini Nsimire alikaa nyuma kabisa, mvua inapiga mabati, na sikio lake likakamata neno alilolizoea: attend, ngoja. Kule port ya Idjwi watu hupigiwa kelele hilo neno siku nzima, attendez, attendez, boti haijajaa. Basi kwake x alikuwa mtu, tena mtu wa kusikitisha: amesimama, anamngoja zéro. Akajiuliza, anamngoja kwa nini? Mpaka lini? Na zéro akifika atakuwa amemletea nini?

Hilo si swali la mjinga. Ni swali la mtu anayetaka kuelewa. Akanyoosha mkono.

Sasa ujue sheria ya shule ile, ambayo sitaitaja jina kwa sababu haiko peke yake. Ukivuka geti ni Kifaransa tu. Ukinaswa unasema Kiswahili au Mashi, unavalishwa ubao, mmoja tu kwa shule nzima, wenyewe wanauita symbole. Utauvaa mpaka na wewe umnase mwenzako umvalishe. Kengele ya kutoka ikikukuta nao shingoni, unaenda nao nyumbani, na asubuhi unafagia vyoo. Ona akili ya aliyebuni kitu hicho: hakuhitaji polisi. Kila mtoto ni polisi wa mwenzake.

Kifaransa cha kuulizia swali lile Nsimire hakuwa nacho. Akaliuliza kwa midomo aliyozaliwa nayo.

« Monsieur, x iko namungoja zéro ju ya nini? »

Darasa likapasuka kwa kicheko. Destin, wa kwanza kwa pointi na wa kwanza kwa mzaha, alijibu kutoka dawati la mbele bila hata kugeuka: « Anamungoja kwa port. Boti ya Idjwi imekawiya. »

Hata profesa alicheka. Kisha akajikaza na kusema, kwa Kiswahili kisicho na doa: « Weye, uko mujinga wa wapi? » Na kwa Kifaransa akaagiza symbole iletwe.

Umesikia hapo? Kuuliza kwa Kiswahili ni kosa. Kutukana kwa Kiswahili ni ruhusa. Lugha ya mama imeachiwa kazi moja tu katika jengo lile, nayo ni matusi.

Tangu siku ile akaitwa Mungoja-zéro. Na kila profesa alipomaliza somo na kuuliza « Compris? », kama wameelewa, darasa likaimba « Oui, monsieur », Nsimire akaimba nao, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, maana asiyeelewa ndiye anayehitaji zaidi kusikika.

Kesho yake asubuhi, ubao ukiwa bado shingoni, alimwona mtoto wa darasa la kwanza akiteleza kwenye ngazi zenye maji karibu na bomba. Maombi, jina lake, mdogo, begi kubwa kuliko mgongo. Goti likachanika. Mtoto akalia: « Mama, nakufa. »

Nsimire akasimama juu yake. Alikuwa na usiku mbaya nyuma yake na vyoo mbele yake. Akavua ubao, akamvalisha. Maombi alinyamaza palepale. Akautazama ubao kifuani, akamtazama dada mkubwa, akasema: « Merci. » Asante: ndilo neno la Kifaransa lililokuwa karibu.

Hilo « merci » Nsimire hakulimeza wala hakulitema. Chakula kikawa hakipiti. Maman Georgette alianza kuona sahani zinarudi zimejaa. Alidhani malaria, akampeleka kupimwa, hakuna kitu. Akadhani kuna kijana anayempenda. Mwisho akapeleka jina lake kanisani liombewe kwenye misa. Nsimire mwenyewe alipoulizwa alisema anaendelea bien, vizuri. Alisoma miguu ikiwa ndani ya beseni ya maji baridi ili usingizi usimshike. Lakini mstari ulioanza kuingia jichoni ulitoka sikioni kabla nukta haijafika. Wengine wakazidi kusonga. Yeye alikuwa kama anayekimbilia boti kwenye matope: kadiri anavyokazana, ndivyo anavyozama.

Ukaja mtihani wa kujipima. Kwenye geti ya shule ile kuna kitambaa kimeandikwa cent pour cent, maana yake wote hufaulu. Hujawahi kujiuliza wote gani. Préfet Télesphore, mkuu wa shule, aliwaeleza wazi siku ile: wale watakaoonekana wanaishusha shule, ni kwa faida yao wenyewe wabaki nyumbani mwaka huu. Ndivyo cent pour cent inavyopikwa. Wanaoanguka hawahesabiwi, kwa sababu walisukumwa kabla.

Nsimire alipata zéro ya hesabu. Destin akaichungulia karatasi begani kwake na kusema kwa upole, kama anayetoa pole msibani: « Mungoja-zéro, mugeni wako amefika. »

Kengele ya récréation, ya mapumziko, ikamkuta amejificha nyuma ya tanki la maji. Alitaka kulia mahali pasipo na mtu. Akamkuta mtu. Maombi alikuwa amekaa chini, ubao uko shingoni kwake tena. Alikuwa hasemi. Si Kiswahili, si Kifaransa, si kitu. Mwalimu wake alikuwa amemsifu kwa nidhamu.

« Nipe ile kitu, » Nsimire akamwambia.

Mtoto akatikisa kichwa. Alijua mitego.

« Maombi, sikiya. Nimesema Kiswahili. Umenikamata. Basi nivalishe. »

Mtoto akafikiri. Sheria ilikuwa sheria. Akasimama, akavua ubao, akanyanyua mikono, na Nsimire akainama kuupokea. Kamba ilipomgusa shingo, ndipo kitu kikamjia, polepole, kama anayehesabu kwa vidole. Anayevaa ubao ndiye anayenasa. Mwanafunzi mwingine hana ruhusa. Basi kama anayevaa hanasi mtu, hakuna anayenaswa. Na aliyekwisha valishwa hawezi kuvalishwa mara ya pili.

Alikuwa mtu pekee katika shule nzima aliye huru kuuliza.

Siku ileile alimfuata Destin mbele ya wenzake. « Destin, unieleze. X iko namungoja zéro mupaka wakati gani? »

Destin akaanza kucheka, akaona kwamba uso ulio mbele yake haukuja kuchekwa. Akamvuta nyuma ya tanki. Akamwambia si attend, ni tend. Hangoji, anaelekea, anakaribia.

« Anafika? »

« Hapana. Anakaribia tu. »

« Mutu anakaribia na hafike, ni mutu gani ule? »

Destin alijua kanuni yote, angeweza kukuimbia kama Baba Yetu. Lakini mtu gani yule, hakuna aliyewahi kumuuliza. Ni Nsimire mwenyewe aliyejibu, macho yake yako mbali. Kwao Idjwi mashamba ni madogo na jirani ni jirani. Kila msimu jembe la jirani linasogea kidogo kuelekea mti wa mpaka. Mwaka huu shibiri, mwaka ujao nusu shibiri, kisha kidole. Mti wenyewe hawezi kuugusa, wazee watamhukumu. Lakini anasogea.

« Na pale kwenye muti, » akauliza, « siye kwetu tunapaita limite. Ile ya profesa ni ileile? »

Destin akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema: « Miye nilikuwa nakariri tu. »

Wakaja wengine. Pale nyuma ya tanki pakawa darasa. Ikajulikana kwamba wengi walioimba « Oui, monsieur » hawakuwa wameelewa hata nusu, kila mmoja akidhani mjinga ni yeye peke yake. Nsimire alifagia vyoo kila asubuhi, akashuka Cimpunda na ubao kila mchana, ndipo ulipomwona. Akaanza kula. Bado alikuwa nyuma, usije ukadhani nakusimulia muujiza. Fizikia ilimshinda. Lakini limite alizihesabu. Moja, nyingine, na nyingine ngumu ambayo profesa aliiruka.

Préfet Télesphore si kipofu. Aliona ubao umekaa kwenye shingo moja muda mrefu mno, akaelewa kwamba shule yake nzima haikugeuka Wafaransa kwa siku chache. Akamwita ofisini. Juu ya meza zilikuwepo macaron, vile vikaratasi vyenye picha ambavyo finaliste asipokuwa nacho kimoja haingii kwenye chumba cha mtihani. Cha Nsimire kilikuwa juu kabisa. Alianza kwa Kifaransa, taratibu. Alitaka majina. Nsimire akatazama chini. Préfet akarudia. Hasira ikampanda, na unajua hasira za watu hawa huja kwa lugha gani.

« Utanitajia leo leo. Nani njo alisema Kiswahili mbele yako? »

Nsimire akavua ubao. Akaunyoosha kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kumpa mkubwa kitu.

« Mbele yangu? Ni weye, monsieur le préfet. Saa hii. »

Hakuwa anacheza. Alifuata sheria kama Maombi alivyoifuata. Préfet aliutazama ubao ule kwa muda, na kwa huo muda alikuwa mtoto kama sisi sote. Kisha akachukua macaron ya Nsimire, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Aje na mzazi. Vikaratasi vitagawiwa kesho asubuhi. Pasipo mzazi, asijisumbue kupanda kilima.

Tonton Gracien aliposikia alicheka kwanza, akaacha. « Siye bote tulivaa ile, » akasema, « na tukakuwa batu. Uende umuombe pardon. » Yeye hawezi kwenda, ana atelier ofisini kesho, semina juu ya haki za mtoto. Alilisema hilo bila kusikia alichokisema.

Maman Georgette alikwisha shika kitenge chake cha misa. Akakiweka tena. « Nitasema naye nini, mwanangu? Kifaransa yangu ni ya kuimba kanisani. Atanicheka mbele yako. » Mama mzima wa nyumba, na watoto aliowalea, bado ana ubao shingoni, ila kamba yake haionekani.

Kwa hiyo asubuhi hii Nsimire amepanda peke yake. Amekaa kwenye kiukuta nje ya geti, chini ya kile kitambaa cha cent pour cent, kalamu mbili mkononi, viatu vimefutwa. Wenzake wanapita. Destin amepita, ametazama viatu vyake mwenyewe. Maombi peke yake ndiye aliyesimama, akamwambia kwa sauti, kwa Kiswahili, « Jambo, yaya, » yaani dada mkubwa, kisha akaingia na begi lake kubwa. Wanaita majina ndani. Yeye ndiye x sasa. Amekaribia mpaka mti wa mpaka, hawezi kugusa, anangoja.

Anatakiwa mzazi mmoja. Hawatamuuliza damu, watamuuliza tu kama yupo mtu mzima wa kusimama upande wake. Yule aliyemwona akishuka ngazi akageuza uso, mtu huyo yupo. Ni wewe. Weka simu chini. Vaa viatu. Panda, mshike mkono kwenye kile kiukuta, ingia naye ofisini, udai ile droo ifunguliwe na ule ubao utiwe motoni mbele ya watoto. Na udai kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Usiseme kesho. Wamefika herufi ya M.