Yai la Kumi na Mbili

Mama mwenzangu mwenye mtoto na pua, nisikilize kabla Pasaka haijaingia nyumbani kwenu.

Mimi ni mbwa. Jina langu Biskuti. Nilipewa na Kethia, mtoto wa miaka saba, wala sikuulizwa. Tunakaa Guangzhou, ghorofa ya tisa, karibu na stesheni kubwa ya treni, kwa wazazi wake, Roger na Marie-Louise, watu wa Lubumbashi. Wao hununua viatu, huvifunga sebuleni, kisha huvipeleka kwao kwa kontena. Sebule yetu haina kochi. Ina maboksi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilizaa watoto watatu. Mmoja akachukuliwa na Rotich, Mkenya wa soko la nguo la Shahe. Wa pili akaenda kwa mwenye duka la midoli kule mtaa wa Yide Lu. Wote wawili walibebwa nikiwa nimelala kidogo tu mchana. Nikaamka, nikanusa mkeka, hakuna. Aliyebaki ni wa tatu, ndiyo maana anaitwa Tatu, na tangu siku hiyo mimi usingizi wangu ni wa jicho moja.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni Bimkubwa, mwanamke wa Unguja anayenunua midoli na madaftari. Ni mtu mwema, lakini mate yangu yakigusa nguo yake lazima aifue mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Ghorofa ya tisa udongo hauokotwi. Kwa hiyo akinikuta kwenye lifti husema, "Kaa huko huko, mwanangu," nami nakaa. Hatua tatu. Miaka mitatu sijawahi kuzivuka, hata siku aliyobeba samaki.

Sasa nije kwenye mayai.

Mwaka jana niliokota yai la chokoleti nikadhani nimebarikiwa. Siku mbili moyo ulinienda mbio na miguu ikatetemeka. Nilitapika ndani ya kiatu cha Roger, kile anachovaa kanisani. Daktari wa wanyama akawaambia chokoleti ni sumu kwa mbwa, na mbwa akiwa mdogo ndiyo mbaya zaidi. Marie-Louise alilia kabisa. Lakini kilio cha binadamu hakifiki Pasaka ya pili. Mwaka huu akanunua tena, kumi na mawili, yenye karatasi za kung'aa.

Kwao wanasema kengele za kanisa huruka kwenda Roma, na zikirudi Jumapili ya Pasaka huangusha mayai bustanini, watoto wayatafute. Sisi bustani hatuna. Marie-Louise akayaficha ndani ya viatu, kwenye maboksi ambayo bado yalikuwa wazi.

"Yatasafiri tena hayo," Roger akamwambia. "Mwaka jana mteja alinipigia simu. Anasema, Roger, kiatu cha kulia kina yai."

"Alilalamika?"

"Aliuliza la kushoto liko wapi."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama Tatu, naye alikuwa ameinua pua juu kama mtu anayesoma bango.

Asubuhi ya Pasaka ilikuwa ya unyevu ule wa mwezi wa nne, kuta zinatoka jasho na sakafu inateleza, ukikimbilia mlango unatanguliza matako. Guta la mizigo lilikuwa linakuja saa nne, kwa hiyo mambo yote yalifanywa pamoja. Kethia anatafuta mayai, Roger anafunga maboksi, Marie-Louise anakaanga makayabu. Na mimi, mama wa mtoto mmoja, nilikuwa wapi? Jikoni. Nilikuwa nimekaa chini ya jiko nikiomba ngozi ya samaki mkavu. Nasema ukweli ili nawe ujue: mtoto hapotei mama akiwa mbali. Hupotea mama akiwa chumba cha pili, anatafuna.

Nilisikia selotepu inalia, krraa, krraa, boksi baada ya boksi. Nilisikia Kethia anahesabu.

"Papa, nimepata kumi na moja. Moja bado."

"Hilo limeshaenda Lubumbashi," Roger akasema, na wakacheka tena.

Nilirudi sebuleni nikilamba midomo. Mkekani Tatu hayupo. Chini ya kitanda hayupo. Nyuma ya mashine ya kufulia hayupo. Nikanusa sakafu, lakini maji ya ukutani yalikuwa yameosha nyayo zake. Roger alikuwa ameshapakia maboksi tisa kwenye kitoroli anayasukuma kwenye lifti, na yalipopita mbele yangu nikapata harufu mbili kwa pamoja: chokoleti, na mtoto wangu. Boksi la chini kabisa. Halikuwa na tundu hata la sindano.

Nikabweka.

"Weye, acha kelele," Roger akasema. "Majirani watatuitia polisi."

Nikabweka zaidi. Nikaling'ata boksi. Akanisukuma kwa goti, akafunga mlango, lakini nilikuwa nimeshapenya katikati ya miguu yake. Tukashuka lifti pamoja, mimi nakwaruza, yeye ananitukana kwa Kifaransa. Ndani ya boksi kimya. Mtoto wangu hata nyumbani si wa kukaa kimya, analia akiona kivuli cha mkia wake.

Chini, dereva wa guta alikuwa anapiga honi na kuita, "Laoban! Laoban!" maana huku kila mwenye mzigo ni bosi. Kontena lenyewe la Roger ni la kuchangia na Bimkubwa, hivyo Bimkubwa alikuwepo na magunia yake ya midoli, amesimama pembeni na buibui lake safi la kutembelea wagonjwa.

Roger akarusha boksi la kwanza. La pili. Nikaona safari nzima. Miezi miwili baharini.

Nilimtazama Bimkubwa. Hatua tatu. Nikazivuka.

Nilishika pindo la buibui kwa meno, nikavuta. Mate yakaingia kitambaani, nilijua yanaingia.

Roger aliganda na boksi mikononi. "Bimkubwa, nisamehe, huyu leo amerukwa na akili. Biskuti, toka!"

Bimkubwa hakupiga kelele. Alinitazama, akatazama nguo yake, akanitazama tena.

"Mwache," akasema. "Mbwa huyu miaka mitatu ananipisha njia kuliko nyinyi watu. Leo amenishika. Ana neno." Kisha akaniambia mimi, "Haya, nionyeshe. Nguo umeshaiharibu."

Nikamvuta hadi kwenye kitoroli. Nikaweka pua kwenye boksi la chini.

"Mtoto wake yuko wapi?" Bimkubwa akauliza.

"Tatu? Yuko juu, amelala."

"Umemwona?"

Roger akatua chini boksi alilokuwa nalo.

"Basi kata hilo boksi, baba."

Dereva alikuwa anapiga honi. Roger akakata selotepu kwa funguo. Kiatu, kiatu, kiatu. Halafu Tatu, amejikunja kando ya kiatu cha mwanamume, ulimi nje, mdomo wa kahawia, na kipande cha karatasi ya kung'aa kimenata kwenye pua. Yai nusu. Nilimlamba. Hakulia.

Guta lile lile likabeba Roger, mimi na Tatu kwa daktari wa wanyama, viatu vikabaki nje, mvua inaanza, Bimkubwa akivilinda. Tatu alitapishwa. Akachomwa sindano. Daktari akasema tungechelewa saa moja tusingehitaji kwenda kwake.

Bimkubwa alifua buibui mara saba. Udongo aliutoa kwenye chungu chake cha vitunguu vya majani, vitunguu vikafa. Tangu siku hiyo kila asubuhi anasimama mlangoni kwetu, hatua tatu, nami nakaa hatua zangu.

"Mama Kethia, yule mdogo anapumua?"

"Anapumua, Bimkubwa."

Anapumua, lakini miguu ya nyuma inamtetemeka akisimama, na akisikia selotepu anajikojolea. Mayai kumi na moja Kethia hakukubali yatupwe. Wameyaweka juu ya friji, kwenye sahani. Unyevu huu umelainisha karatasi zake, na kila mlango wa friji ukifungwa, moja linasogea kuelekea ukingoni.

Nimehamisha mkeka wetu. Nalala hapa mbele ya friji, Tatu tumboni kwangu, macho juu.